Begi Linaishia Mgongoni mwa Nani

Hapana, Gift, sijasema yule braza aliyewaletea mchongo wa Unguja anawadanganya. Hapo ndipo unaponikoseaga kila siku. Nikifungua mdomo tu, wewe mikono kiunoni: "Dada hutaki tuendelee." Nataka muendelee! Na nakubali kila alichowaambia. Kule kisiwani, ndani ya eneo huru, cherehani zenu mpya zitaingia bila ushuru. Kitambaa, zipu, mikanda, bila ushuru. Miaka ya mwanzo kampuni haiguswi kodi ya faida. Leseni unaifuatilia dirisha moja, huzungushwi ofisi hii na ile. Mgeni akitaka kuweka mtaji anaweka, akitaka kutoa faida yake anatoa. Ni kweli yote. Ndiyo maana naogopa. Ungekuwa uongo ningeupasua hapa hapa barazani, tukaingia ndani kula.

"Sasa kama ni kweli unapinga nini?" ukaniuliza mbele ya Mwanahawa, mwenzio wa kushona mabegi, naye akacheka puani.

Sikujibu kwa sababu pale stesheneri kwangu kulikuwa na foleni ya watu wanataka kutoa kopi za vyeti vya hospitali, na nyie hamna subira. Mie pia sina, tumezaliwa tumbo moja. Kwa hiyo naandika. Soma, msomee na mwenzio. Na nyie wengine mliomaliza shule juzi, mnaotumiana mchongo wa "kodi sifuri" kwenye grupu, someni. Bibi yake Mwanahawa, mwenye nyumba, anataka jibu kesho kabla ya adhuhuri: chumba cha kushonea mnakiacha au mnabaki nacho. Mpangaji mwingine kashakuja kukipima kwa hatua zake, nimemwona. Mkikiachia hicho chumba, Mwananyamala hii hampati kingine chenye umeme wa kubeba cherehani zote, na barabara mbele, na bibi anayevumilia kelele. Mnajua.

Haya.

Kazi ya kufuatilia usajili wa makampuni niliingia nikiwa nimetoka form four, nimeacha ofisi ilipofungwa, bosi kahamia kwenye kuuza viwanja. Kwa hiyo mie ni mstaafu. Chekeni. Mstaafu asiye na pensheni wala mvi, ana mashine ya kopi tu. Lakini miaka yote ile ishu ilikuwa hiyo hiyo moja: mtu wa bara anataka kampuni ya kisiwani.

Ofisi ilikuwa Kinondoni, ghorofani, chini yetu fundi viatu. Tulikuwa watatu. Bosi Deo, suti muda wote, mdomo mtamu mpaka unasahau ulichokuja kuuliza. Mie, mkimbizaji wa mafaili. Na Bi Zuhura, mtu wa pwani, aliyefanya kazi za kutoa mizigo bandarini tangu mie sijazaliwa, anavuka kwenda Unguja na kurudi kama anavyokwenda sokoni. Bosi alimleta awe anajibu maswali magumu. Tatizo, Bi Zuhura alikuwa anayajibu.

Wiki yangu ya kwanza nilimuuliza, kwa kujiamini kabisa, "Bi Zuhura, eneo huru si ndiyo Zanzibar yenyewe?"

Akaniangalia. "Umesoma wewe?"

"Nimesoma."

"Nani alikufaulisha?"

Akachukua bakuli la sukari la ofisini, lile lenye kifuniko, akaliweka katikati ya sinia. Sinia akaliweka katikati ya meza. "Bakuli ndiyo eneo huru, lina ukuta na lango. Sinia ndiyo kisiwa. Meza ndiyo bara, huku kwenu Kinondoni na Temeke. Sukari iliyomo bakulini haijalipiwa kitu. Tunaelewana?"

"Tunaelewana."

Akachota kijiko, akakimwaga kwenye sinia. "Nimeiuza Unguja mjini. Imetoka langoni. Lipa." Akachota kingine, akakimwaga mezani. "Nimeiuza Temeke. Lipa, kama vile imetoka ng'ambo." Akachota cha tatu, akanyanyuka, akakitupa nje dirishani. "Nimeipeleka nje ya nchi. Hapo hakuna anayenidai."

Chini fundi viatu akapiga kelele, "Nyie huko juu, mnatupikia chai kichwani?"

"Samahani mwanangu," Bi Zuhura akamjibu, "nasafirisha."

Nilicheka siku ile. Lakini wadogo zangu, kila kitu nilichokuja kujifunza baadaye kilikuwa kwenye vile vijiko vitatu. Eneo huru limejengwa kwa ajili ya kijiko cha dirishani. Vile viwili vya mwanzo wanavivumilia tu, sehemu ndogo, tena uwe umeomba na umelipia.

Ndiyo maana mteja akikaa, kabla hajasema jina lake, Bi Zuhura alikuwa anamuuliza swali moja. Hakuulizaga mtaji. Hakuulizaga wanahisa. "Mzigo wako unaishia mikononi mwa nani?" Basi. Alikuja mzee mmoja wa Pugu, mfugaji, kapanga kusajili kiwanda cha chakula cha kuku kule eneo huru kwa sababu kasikia mashine haina ushuru. Akaulizwa swali. Akasema, kwa kuku wangu wa Pugu na wa majirani.

"Sasa baba," Bi Zuhura akamwambia, "hao kuku watakuwa wanapanda boti kwenda kula?"

Mzee alicheka mpaka akatoa kofia. Akarudi Pugu na hela yake ya usajili. Bosi Deo hakucheka.

Mambo mengine nayasema harakaharaka maana mtaniambia nimeanza. Kodi sifuri siyo kwamba hupeleki hesabu. Sifuri nayo inaandikwa na inapelekwa kila mwaka, usipopeleka faini inakuja na wala siyo sifuri. Mishahara ya wafanyakazi inakatwa kodi kama kawaida, na michango ya uzeeni iko pale pale. Wale jamaa wa eneo huru wanakuja kuangalia: wanataka kuona mashine inanguruma, siyo kibao cha jina na kufuli. Na ukisajili kisiwani halafu maamuzi yote unafanya kwa simu ukiwa umekaa Mwananyamala, watu wa mapato wa huku nao wana haki ya kuuliza hiyo kampuni inaishi wapi hasa. Zamani tulikuwaga tunapanga foleni na mafaili, unapata muda wa kufikiri, na mtu wa mbele yako anakwambia alipokosea. Siku hizi mnajaza kwenye simu mkiwa mmelala, mkibonyeza mara moja mnaona mmemaliza. Hamjamaliza. Mmesajili tu.

Sasa Mama Glory.

Nyie mnamjua kwa jina, nimemtaja sana hapa nyumbani, ila sijawahi kuwaambia yote. Mtu wa Moshi, kaja Dar akiwa binti, alikuwa na banda lake Chang'ombe anatengeneza sabuni ya kipande, ya mwarobaini. Ukipita ile barabara ya viwandani unainusa kabla hujaliona banda. Wanawake wa jirani ndio waliokuwa wanakata na kufunga. Wanunuzi wake: maduka ya Temeke, na shule moja ya bweni aliyopata kuihudumia baada ya kuhangaika mno. Hiyo shule ndiyo iliyokuwa inamweka mjini.

Alipokuja ofisini Bi Zuhura alimuuliza swali lake. Mama Glory akajibu vizuri kabisa, "Shule na maduka ya Temeke." Nilikuwepo, nimeshika faili. Bi Zuhura akafungua mdomo.

Bosi Deo akawahi. "Mama, sikiliza. Mashine mpya unaiingiza bure. Malighafi bure. Faida yako miaka ya mwanzo yote ya kwako. Halafu sabuni unaipakia, inavuka, masaa machache iko Temeke. Hii ni nchi moja, Mama! Nani atakuzuia ndani ya nchi yako?"

"Kweli," Mama Glory akasema. "Nchi moja."

"Nchi moja," Bi Zuhura akasema taratibu, "lakini bakuli ni bakuli."

"Bi Zuhura ni mtu wa zamani," bosi akacheka. "Mama, usiwe na mguu huku na mguu kule. Banda la Chang'ombe liachie. Weka nguvu zote sehemu moja."

Akaliachia.

Miezi ya mwanzo tuliona bosi ndiye mwenye akili. Leseni ilitoka upesi, sijawahi kuona. Mashine ilitoka kwenye meli ikapita lango la eneo huru bila kutozwa kitu. Mama Glory alinipigia simu anapiga vigelegele, mie nikapiga naye. Mafuta ya mawese yakaingia hivyo hivyo. Sabuni ikatoka nzuri, ngumu, imepigwa mhuri. Akapakia mzigo wa shule. Shule inafungua Jumatatu.

Ijumaa akanipigia. "Njoo bandarini." Sauti siyo yake.

Nilimkuta kwenye lango la mizigo, jua la saa nane, kilemba kimeshuka, amesimama mbele ya afisa wa forodha, kijana wa umri wangu mie. Maboksi yake yamewekwa pembeni chini ya turubai. Sabuni ikikaa kwenye joto inatoa jasho, unaona boksi linaanza kuwa na mafuta kwenye kona. Alikuwa anayaangalia hayo maboksi kama mtu anayeangalia mtoto kwenye ukingo wa kisima.

"Nimetoka Tanzania, nimefika Tanzania!" anamwambia. "Ushuru wa nini?"

"Mama yangu, shikamoo tena," yule afisa akasema, na alikuwa na adabu, hiyo ndiyo iliyoumiza. "Wewe umetoka Tanzania. Sabuni imetoka nje."

"Nje wapi? Nimeipika kwa mkono huu!"

"Umeipika ndani ya eneo huru, Mama. Mafuta yake hayakulipiwa, mashine yake haikulipiwa. Ikiingia huku inahesabiwa kama imetoka nje. Ulipie kwanza ndiyo itoke."

Tukampigia bosi Deo. Simu ikaita, ikaita. Akapokea mara moja tu. "Mwambieni ni nchi moja," akasema, "kazeni hapo hapo." Akakata. Tukapiga tena, haipatikani.

Mama Glory akanigeukia. Sitaisahau ile sura. "We mtoto, wewe ulikuwepo. Yule mama alitaka kusema kitu. Alitaka kusema nini?"

Nikamweleza sukari. Pale pale, langoni, kwa viganja: hiki bakuli, hiki sinia, hii meza. Yule afisa alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali.  Mama Glory alikaa juu ya boksi moja la sabuni, kisha akanyanyuka haraka, akikumbuka zitapondeka.

Alilipia. Jumamosi ilipita nzima, kujaza na kusubiri, na Jumapili hakuna kazi. Mzigo ulifika shuleni Jumatatu mchana. Ulifika. Lakini kwa bei ile ya mwanzo ilikuwa hasara tupu, na kwa bei mpya yule bwana wa stoo alimwambia, "Mama Glory, kwa bei hii si bora ninunue ya kutoka nje?"

"Hii nayo imetoka nje," akamjibu. Hata yeye mwenyewe alicheka, kicheko kibaya.

Muhula uliofuata shule ikachukua sabuni kwa mtu mwingine.

Akaja ofisini. Bi Zuhura akamtengea chai. Mama Glory akasema, "Nimeamua. Nairudisha mashine Chang'ombe, naanza upya."  Bi Zuhura akalisogeza lile bakuli la sukari mbele yake, kifuniko kimefungwa. Mama Glory akaliangalia. Akaangalia meza. Na akaelewa mwenyewe, niliona macho yanavyoelewa: mashine nayo iliingia bakulini bure. Kuitoa kuileta bara ni kuilipia upya kama imeshuka melini leo.

"Na banda?" Bi Zuhura akauliza.

"Wachomeleaji wameingia. Wanatengeneza mageti."

Hapo ndipo alipolia. Siyo kwa ushuru. Kwa banda. Maana ushuru unaulipa unaisha, lakini wale wanawake waliokuwa wanakata sabuni kwa macho, bila mizani, walishatawanyika, mmoja kwa mume Mbagala, mwingine anauza mihogo, na mwenye banda alishasaini na watu wengine. Mlango wa kurudia ulikuwa umeuzwa.

Gift. Umeelewa sasa kwa nini nilipiga kelele niliposikia "chumba tunaacha"?

Lakini nisiwe muongo, hadithi haikuishia hapo. Bi Zuhura alimwambia, "Umeshahamisha anuani. Sasa hamisha mteja. Tafuta anayeoga ng'ambo." Mama Glory alimtukana kwa Kichaga, halafu akaenda akatafuta. Kule Unguja wanawake wanalima mwani, karafuu ipo. Akabadilisha sabuni, akaitia hivyo vitu, akafunga kwa karatasi nzuri, akapata mnunuzi wa Ghuba, kisha mwingine. Kijiko cha dirishani! Leo kila alichoahidi bosi Deo kinamlipa, neno kwa neno. Malighafi bure, mashine bure, faida yote ya miaka ile ya kwake. Ana wafanyakazi wengi kuliko Chang'ombe. Mwezi uliopita kanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, nikija Dar napita pale bandani nasimama tu. Wanachomelea mageti, lakini ukutani harufu ya mwarobaini haijatoka."

Alipona. Ila hakurudi.

Nilifika hapa nikaona nimemaliza, nikamwita Gift nimsomee, kwa sababu mie kungoja siwezi. Alisikiliza amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Mwanahawa naye alikuwepo, kakaa kwenye ndoo. Kwenye kuku wa Pugu walicheka. Kwenye Mama Glory, Mwanahawa akasogeza ndoo karibu. Nikajisifu moyoni.

Gift akasema, "Umemaliza, dada?"

"Nimemaliza."

"Sasa mbona hujaniuliza?"

"Kukuuliza nini?"

"Hilo swali la Bi Zuhura wako. Mzigo unaishia mikononi mwa nani. Umepiga kelele siku mbili, umeandika kurasa, wala hujatuuliza. Unadhani mabegi tunauza Temeke."

"Si mnauza Temeke?"

"Machache," Mwanahawa akasema. "Mzigo mkubwa anachukua yule mama wa Kingazija. Anakujaga na gari, anapakia, anaondoka. Kila akija anaongeza oda."

Ngazija! Ukitoka dirishani, ndiko huko huko. Kama yale mabegi yanavuka kwenda Komoro, yule braza ameleta mchongo wa maana kuliko yeye mwenyewe anavyojua, na mie nitakuwa nimewafungia mlango uliokuwa wa kwao. 

"Anapeleka kwao?" nikauliza. "Mmemsikia akisema anapeleka kwao?"

Wakaangaliana.

"Ni Mngazija," Gift akasema. "Atapeleka wapi?"

"Anakaa Temeke lakini," Mwanahawa akasema polepole. "Ana nyumba pale karibu na msikiti. Na ana fremu ya duka sokoni."

"Anauza nini kwenye fremu?"

 Gift akaanza kuuchunguza mwiko wake. Mtu kanunua mabegi yao msimu mzima, na hakuna aliyewahi kuuliza yanashukia wapi. Wala mie. Miaka yote nimebeba lile swali la Bi Zuhura, nimeliuliza kwa wageni, kwa mdogo wangu wa damu nikaanza na kelele.

"Kama anavusha, mnahama na baraka zangu, na hata hivyo chumba mnakishikilia kwanza," nikasema. "Kama anauza pale sokoni, basi nyie ndio Mama Glory."

"Na bibi anataka jibu kabla ya adhuhuri," Mwanahawa akasema.

Nimewaambia wakapike. Kesho stesheneri sifungui. Alfajiri, watu wakishatoka msikitini, nakwenda Temeke kwa huyo mama. Nitabisha hodi, nitampa shikamoo yake, nikikaribishwa chai nitakunywa, hata kama mie kungoja siwezi. Halafu nitamuuliza kitu kimoja tu: mama, mabegi ya wadogo zangu yanaishia mgongoni mwa mtoto wa wapi? Na jibu lolote atakalonipa, nitalibeba vile vile lilivyo, silipunguzi wala siliongezi, mpaka kwa bibi yake Mwanahawa.